Gotham: Mji Bila Shujaa Wake

Mwenye kupeleka pendekezo la tamthilia kwa wakuu wa televisheni hana budi kujibu swali moja: watu watatazama nini? Swali hilo humkaba zaidi yule anayependekeza hadithi ya makachero wa Gotham, mji wa Batman, kisha akaongeza kuwa Batman mwenyewe hatakuwamo. Ni mfano wa kualika watu kwenye pilau isiyo nyama. Hata hivyo, wazo hilo limenadiwa zaidi ya mara moja katika karne hii, na historia yake ina funzo kwa sisi tunaoishi kwa maneno: mji wa kubuni, sawa na mji wa mawe, hubebwa na watu ambao majina yao hayaimbwi.

Natuanze na jina. Gotham ni kijiji cha Nottinghamshire, Uingereza, na katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha maskani ya mbuzi. Ngano zinasimulia kuwa wanakijiji walijitia uwendawazimu ili Mfalme John asipitishe njia kwao. Hata wakamjengea ndege ua asiruke. Mwaka 1807 Washington Irving alilichukua jina hilo kuukejeli mji wake wa New York. Zaidi ya karne moja baadaye, mwishoni mwa 1940, likaingia katika vitabu vya katuni kuwa jina la mji wa Batman. Aliyeliingiza humo ni Bill Finger.

Batman alitokea mara ya kwanza mwaka 1939, katika toleo la 27 la Detective Comics. Bob Kane alichora, Finger akaandika. Katika hadithi hiyo hiyo ya kwanza alikuwamo Kamishna Gordon, mkuu wa polisi. Kwa hiyo askari wa mji ni mwenyeji wa hadithi tangu siku ya kwanza, wala hakukaribishwa baadaye. Lakini mkataba uliandikwa kwa jina la Kane peke yake. Finger, aliyechangia joho, kinyago na giza la mji wenyewe, alifariki mwaka 1974 bila kutambuliwa rasmi kuwa mwanzilishi mwenza.

Waliompa askari nafasi yake ni Greg Rucka na Ed Brubaker, pamoja na mchoraji Michael Lark, katika mfululizo wa katuni ulioitwa Gotham Central. Ulianza kutoka mwishoni mwa 2002, ukamalizika mwaka 2006 baada ya matoleo 40. Humo Batman hupita kama kivuli. Wahusika wakuu ni makachero kama Renee Montoya na Crispus Allen, wenye zamu na majalada. Katika kisa cha kwanza mwenzao anauawa na jambazi Mr. Freeze, nao wanataka kumkamata kwa mikono yao, bila msaada wa juu ya paa.

Mna jambo dogo humo ambalo naliona kuwa moyo wa kazi yote. Ile taa ya kumwita Batman, polisi hawaruhusiwi kuiwasha, maana serikali ya mji haiwezi kukiri kuwa inamtegemea mtu asiye na cheo wala kiapo. Huiwasha karani wa muda. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Makachero hawa wanauliza swali chungu: mwenyeji akizoea kuponywa na mgeni kila siku, atabaki mwenyeji wa nini? Na ugonjwa mwingine umo ndani ya nyumba yao: Allen anauawa na mtumishi fisadi wa idara yake mwenyewe, na Montoya anaiacha kazi. Taa ya juu ya paa haina dawa ya hilo.

Televisheni ililipokea wazo la askari wa Gotham kwa njia nyingine. Tamthilia ya Gotham, iliyoundwa na Bruno Heller, ilirushwa na Fox kuanzia Septemba 2014 hadi Aprili 2019, sehemu 100 kamili. Ilimweka mbele Gordon akiwa kachero kijana, na Bruce Wayne akiwa mtoto. Ilikuwa hila ya kibiashara yenye busara: shujaa aliondolewa kwa kurudishwa utotoni, na mtazamaji akaahidiwa kuwa atakuja. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipopungukiwa. Mji ukawa chumba cha kusubiria.

Mwaka 2020 lilitangazwa pendekezo jingine, tamthilia ya polisi wa Gotham iliyofungamana na filamu ya Matt Reeves, The Batman. Mwandishi wa kwanza, Terence Winter, alijitoa. Akashika Joe Barton. Filamu ilipotoka mwaka 2022, mpango huo ulikuwa umekwisha wekwa kando. Iliyopona ni The Penguin ya Lauren LeFranc, sehemu nane zilizoonyeshwa na HBO mwaka 2024. Nayo ni hadithi ya jinai isiyo na Batman, ila inasimuliwa kwa jicho la mhalifu. Inaanza baada ya ukuta wa bahari kuvunjwa na maji kuwafagia maskini wa mtaa wa Crown Point. Sisi watu wa pwani hatuhitaji mkalimani hapo: bahari ikipanda, huanza na nyumba za chini.

Limebaki la Finger. Washairi wengi wa tenzi zetu hutaja majina yao katika beti za mwisho, ili kazi isipotee na mwenyewe. Finger hakuipata beti hiyo. Ndipo Septemba 2015, baada ya jitihada za mjukuu wake na za watafiti, kampuni ya DC ikakubali kumtaja. Jina lake likaingia katika msimu wa pili wa Gotham, na mwaka 2016 katika filamu ya Batman v Superman. Ajabu ya historia ni hiyo: mtu aliyeupa mji jina alitajwa kwenye televisheni ndani ya tamthilia ambayo shujaa wake bado hajavaa joho. Shujaa alipokaa pembeni kidogo, fundi akaonekana.