Mlo wa Mimea Pekee katika Jiko la Pwani: Wasiwasi wa Mzazi na Majibu Yake

Maana na mipaka

Mlo wa mimea pekee, ambao vijana wengi huuita vegani, huacha kila kitokacho kwa mnyama: nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa, samli na hata asali. Hapo ndipo unapotofautiana na mlo wa Wajaini na Wahindu wengi wa Mombasa, ambao hawali nyama lakini hunywa maziwa na kupikia samli. Jina vegani lilianzia Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipounda chama chao.

Shanzu, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kati ya Bamburi na mkondo wa Mtwapa, mlo huu hupokewa kwa namna mbili. Kwenye hoteli za ufuoni ni chakula cha mgeni, na mpishi humpikia bila maswali. Nyumbani mambo ni mengine. Kijana akisema ameacha samaki, mzazi hudhani ni mgonjwa, au amefuata dini ngeni, au anadharau kitoweo kilichotafutwa kwa jasho. Aliyekulia katika dhiki anajua kwamba kukosa nyama kulikuwa alama ya umaskini. Hawezi kuelewa upesi kwa nini mtu ajikoseshe kwa hiari.

Wasiwasi huo si wa namna moja. Kuhusu nguvu za mwili, mzazi ana hofu isiyo na msingi mkubwa. Kuhusu damu na mifupa, ana nusu ya haki. Kuhusu vitamini B12, ana haki kamili, na anayetaka kumshawishi hana budi kuanza kwa kukiri hilo.

Kilichomo jikoni tayari

Jiko la Pwani lina vyakula vingi vya mimea ambavyo hakuna aliyewahi kuviita vegani. Mbaazi za nazi na mahamri yaliyokandwa kwa tui ni mfano wa kila asubuhi. Kuna kunde, maharage na pojo. Mchicha, mnavu, mchunga na kisamvu. Muhogo, viazi vitamu na ndizi za nazi. Njugu, ufuta na korosho za Kilifi na Kwale. Sehemu kubwa ya vyakula hivi hupatikana soko la Kongowea, tena vyakula vya jamii ya kunde huwa nafuu kuliko nyama au samaki.

Cha mnyama mara nyingi hujificha: samli ndani ya pilau, maziwa ndani ya chai, mifupa ndani ya supu, mayai ndani ya keki. Upande wa pili, chakula kuwa cha mimea hakukifanyi kuwa cha afya. Viazi karai, chipsi, kaimati na soda havina nyama, na tui zito la nazi lina mafuta mengi ya aina inayopandisha kolesteroli. Anayeacha samaki akabaki na wali mweupe na bajia amepoteza zaidi ya alichopata.

Nguvu na protini

Mtu mzima huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, cha mbaazi kama 11, na konzi ya njugu ya gramu 30 ina zaidi ya 7. Ugali, wali, chapati na mboga hujaza kilichosalia. Kwa kuwa protini ya mimea huyeyushwa tumboni kwa shida kidogo kuliko ya nyama, ni busara kuongeza upawa mmoja wa maharage.

Mahindi, mchele na ngano vina upungufu wa lisini, kiungo kimoja cha protini ambacho jamii ya kunde inacho kwa wingi. Kwa hiyo wali na maharage hukamilishana, na si lazima viliwe katika sahani moja, mradi vyote viliwe siku hiyo. Hatari iko kwenye muhogo ukiwa peke yake, kwa sababu protini yake ni haba sana. Mzazi aliyewahi kuona mtoto amevimba miguu kwa utapiamlo baada ya kulishwa uji mtupu ana sababu ya kuogopa, ila kilichomkosesha mtoto yule nguvu ni chakula cha aina moja.

Uchunguzi wa wakimbiaji wa mbio ndefu wa Kenya uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa asilimia 86 ya nishati yao ilitoka kwenye mimea. Hawakuwa vegani, kwani walikunywa maziwa na kula nyama kidogo, lakini nguvu zao nyingi zilitoka kwenye ugali na vyakula vingine vya mimea.

Damu

Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na wanawake wenye hedhi ndio huathirika zaidi. Maharage na mbaazi zina chuma cha kutosha. Tatizo ni kukifikisha kwenye damu. Chai hukizuia, na ndiyo inayonywewa pamoja na mbaazi na mahamri. Dawa yake ni nyepesi: chai isubiri kama saa moja baada ya kula, na chakula kifuatane na ndimu, chungwa au embe, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Kuloweka maharage usiku na kumwaga maji yake kabla ya kupika husaidia pia.

Mifupa

Hapa wasiwasi wa mzazi umethibitishwa na utafiti. Matokeo ya uchunguzi wa EPIC-Oxford wa Uingereza yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa vegani walivunjika mifupa zaidi ya wala nyama, kwa sehemu kwa sababu ya wembamba wao na upungufu wa kalsiamu na protini. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Sukuma wiki huitoa vizuri. Mchicha unayo nyingi, lakini asidi ya oksaliki iliyomo huifunga isifyonzwe. Maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu hujaza pengo. Samaki pia huleta madini joto, ambayo kwa mujibu wa sheria huongezwa kwenye chumvi ya mezani nchini Kenya, basi anayeacha samaki asiache chumvi hiyo.

Vitamini B12

Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, na binadamu huipata kupitia vyakula vya wanyama. Mboga, kunde na nazi hazina kiasi cha kutegemewa. Kipimo chake ni kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini kuikosa huleta upungufu wa damu, ganzi ya mikono na miguu, na usahaulifu. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo kijana anaweza kujisifu kwa muda mrefu kwamba hajaona tatizo huku akiba ikipungua. Tena foleti, vitamini iliyomo katika mboga za majani, inaweza kuficha dalili za damu wakati neva zinaendelea kuharibika.

Unga wa viwandani huongezwa vitamini nchini Kenya, lakini unga wa kusagwa mtaani kwa kawaida hauongezwi, na kiasi cha kifurushini hakitoshi kuwa tegemeo la pekee. Njia ya uhakika ni tembe za B12. Anayezikataa kwa madai kwamba mlo wake ni wa asili hana hoja ya kumpa mzazi.

Faida zilizoonekana

Utafiti wa Waadventista wa Marekani na Kanada, ulioanza mwaka 2002 na kukusanya watu wapatao 96,000, ulikuta kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 2.9 ya vegani na asilimia 7.6 ya wala nyama. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na uzito mdogo wa miili yao. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilisema mlo huu, ukipangwa vizuri, unafaa katika kila hatua ya maisha. Mwaka huohuo chama cha lishe cha Ujerumani hakikuupendekeza kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Wote wanakubaliana juu ya B12: mama anayenyonyesha bila kuwa nayo humweka mtoto katika hatari ya kuharibika neva. Mjamzito na mtoto mdogo wafuatwe na kliniki.

Dini na heshima

Katika Uislamu kula nyama si faradhi, ila kuharamisha kilichohalalishwa ni kosa. Kijana Mwislamu aseme wazi kwamba anaacha bila kuharamisha, na nyama ya udhiya, yaani ya kuchinja siku ya Idi, igawiwe jamaa na maskini. Upande wa Wakristo, waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huacha nyama, maziwa na mayai siku nyingi za mwaka kwa ajili ya saumu, na ibada yao ni ya karne nyingi.

Namna ya kumshawishi

Video za machinjio na hotuba za mezani humfanya mzazi ajihisi ameshtakiwa kwa miaka yote aliyolisha watoto. Afadhali kijana aseme, "Mama, naomba unifundishe mbaazi zako," kisha apike yeye, kwa sufuria moja inayowatosha wote. Aonyeshe tembe za B12 kabla hajaulizwa. Apime damu mwanzoni, arudie baada ya miezi sita, na majibu yote mawili amkabidhi mzazi ayasome. Vipimo vikiharibika, akubali kurekebisha mlo. Mzazi anayejua kwamba vipimo ndivyo vitakavyoamua hana tena sababu ya kumlazimisha samaki.