Kutoka Jedwali la Init hadi Systemd: Historia ya Kuwasha Programu Teja Nyingi za Nakala Rudufu katika Unix

Katika Unix, mchakato unaotangulia wengine kompyuta inapowashwa huitwa init, nao hupewa namba 1. Matoleo ya awali ya Bell Labs yaliuachia skripti moja, /etc/rc, kazi ya kuwasha huduma. Baada ya hapo huduma hizo hazikuwa na msimamizi. System V, iliyotolewa mwaka 1983, ilitumia jedwali la /etc/inittab, ambamo kila mstari ulikuwa na kitambulisho chake, na neno respawn liliagiza mchakato uliokufa uwashwe tena.

IBM ilipotoa ADSM mwaka 1993, programu teja yake ilipeleka nakala za faili kwenye seva ya hifadhi kwa jina moja la nodi. Mpango huo ulitosha hadi pale mashine moja ilipobeba pia diski za pamoja, ambazo huhamia mashine jirani ya kwanza inapoanguka. Diski hizo zilihitaji nodi yao, faili lao la chaguo na kumbukumbu zao. Hivyo programu teja mbili au tatu zikalazimika kuwaka pamoja.

Hapo ndipo skripti za /etc/init.d zilipoonyesha udhaifu. Skripti iliyotafuta mchakato kwa jina la programu iliikuta teja ya kwanza, ikaamini kwamba ya pili nayo imewaka, ikanyamaza. Ilipoagizwa kuzima moja, ilizima zote. Skripti haikuandika kosa lolote, na pengo liliweza kubaki bila kujulikana hadi siku ya kurejesha data. Kwa maoni yangu, jedwali la zamani, pamoja na ufupi wake, lilikuwa na busara kuliko skripti hizo: lilitofautisha mistari, si majina ya programu.

Solaris 10, mwaka 2005, ilirejesha utambulisho huo kupitia SMF, ambamo huduma moja huwa na matukio kadhaa yenye majina. Systemd, iliyoanza mwaka 2010, hutumia kiolezo chenye alama ya @: neno linaloifuata huweza kuchagua faili la chaguo, na kila tukio huwekwa katika kundi lake la michakato, hivyo kuzima moja hakugusi jingine. Hata hivyo, systemd hushuhudia tu kwamba mchakato u hai. Iwapo nakala za jana zilifika, mkaguzi hana budi kuiuliza seva ya hifadhi, nodi kwa nodi.