Kichwa Chao, Mkia Wetu

Trekta huingia Kibaigwa likiwa kichwa kitupu. Mwenyewe ameuza ng'ombe, amekopa, amewachangisha ndugu, na fedha yote imeishia kwenye injini na matairi. Anafika nalo kwa barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, watoto wanalikimbilia, jirani wanampa hongera. Kesho yake asubuhi yuko uani kwangu anauliza bei ya jembe. Ndivyo biashara yetu inavyoanza kila mwaka, na nikiwasikiliza wazee naona historia nzima ya trekta katika wilaya hii ya Kongwa ilianza vivyo hivyo: kichwa kimetoka mbali, mkia hakuna.

Mimi si fundi. Aliyekuwa anachomelea ni marehemu mume wangu, na sasa ni wanangu na vijana waliowafundisha. Kazi yangu ni kuuza: kupokea malipo ya awali, kuandika kwenye daftari, kumbembeleza aliyeahidi kulipa baada ya mavuno, na kutafuta chuma chakavu, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Uani tunatengeneza matela, fremu za majembe ya diski, ripa, maboza ya maji na mashine za kupukuchulia mahindi. Kila kimoja kina asili yake, na asili ya vingi iko kilomita chache tu kutoka hapa.

Baba mkwe wangu alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye Mradi wa Karanga. Vijana wa siku hizi wakisikia jina hilo hudhani ni shamba la mtu. Lilikuwa wazo la Waingereza, nchi yao ikiwa haina mafuta ya kula baada ya vita. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alilipeleka serikalini, na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akatumwa na wenzake kukagua ardhi. Walizunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Wakarudi na hesabu ya zaidi ya ekari milioni tatu za karanga, kuanzia hapa Kongwa. Mgogo yeyote aliyewahi kungoja mvua mwezi Desemba angewaambia neno, ila sidhani kama aliulizwa.

Vichwa vililetwa kwa wingi. Kulikuwa na matrekta na mabuldoza ya mitumba, mabaki ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino. Kampuni ya Vickers nayo ilichukua vifaru vya Sherman, ikaviondoa mizinga, ikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Baba mkwe aliyaona yakishushwa na hakuwahi kuacha kuyasimulia. Alichosisitiza kila mara ni kwamba shida haikuwa nguvu ya kuvuta. Shida ilikuwa nyuma. Udongo wa Kongwa ni mfinyanzi unaokauka ukawa sakafu, na ndani yake una chembe za mawe zinazosaga makali ya chuma. Majembe yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba ya Ulaya yaliisha makali, na vichaka vya huku vina mizizi inayotambaa chini kwa chini mpaka ikamshinda mwenye shoka. Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha 1947 theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Mwaka ule walikusudia kulima ekari 150,000. Walipanda 7,500.

Ndipo watu waliokuwa shambani wakabuni. Waliona kwamba ukifunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya mashine mbili na kuzipeleka sambamba, vichaka vinalala vyote kwa mpigo mmoja. Wakaagiza minyororo Uingereza. Ofisi ya London ikaifuta oda, ikidhani ni mzaha, kwa sababu nani anataka nanga Kongwa, mamia ya kilomita kutoka baharini? Mimi hucheka kila nikikumbuka, lakini kwa hesabu yangu mnyororo ule ndio kifaa cha kwanza cha kufungwa nyuma ya trekta kilichobuniwa kwa ajili ya ardhi ya kwetu. Wabunifu wake walikuwa wageni, sawa. Lakini walikuwa wamesimama juu ya udongo wenyewe, na huo ndio ufundi ninaouzungumzia.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mradi, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Wakubwa walirudi kwao. Chuma hakikurudi chote. Baba mkwe alipata kipande cha mnyororo wa buldoza akakifanya fuawe, na mume wangu alijifunza kunyoosha chuma juu ya kipande hicho hicho akiwa mtoto. Bado tunacho. Watu hutaka kukinunua na mimi nakataa, ingawa kwa bei ya chuma ilivyo sasa ni ujinga wa kibiashara.

Mwaka ule ule wa 1946, wazo la karanga lilipopelekwa serikalini, huko Coventry, Uingereza, lilianza kutoka kiwandani trekta dogo la kijivu, Ferguson TE20. Harry Ferguson alikuwa mzaliwa wa Ireland, mtu mgomvi kwa masimulizi yote, na ndiye aliyewezesha biashara yangu bila kunijua. Kabla yake jembe lilikuwa linakokotwa nyuma kama mkokoteni. Likikwama kwenye mzizi, magurudumu ya mbele yaliinuka na trekta likaweza kumpindukia dereva. Ferguson aliliangika jembe kwenye mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na haidroliki ya kuiinua. Jembe likizama, uzito wake unakandamiza magurudumu ya nyuma badala ya kuyapunguzia mzigo, na mkono wa juu unalizuia trekta lisipinduke. Kampuni yake iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na kutoka hapo ndipo Massey Ferguson, zile nyekundu ambazo kwa mkulima wa Tanzania ndizo trekta lenyewe. Nyingine zote ni za kuigiza.

Mikono hiyo mitatu hatimaye ilikubaliwa na watengenezaji wengine, ikawekewa vipimo vya dunia nzima. Kwetu uani vipimo hivyo vimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango: pini za chini za trekta dogo ni milimita 22, za trekta la saizi ya kati na kubwa kiasi ni milimita 28. Liwe limetoka India, Uturuki au Italia, likija na pini za 28, jembe la mwanangu litaingia. Sisemi viwanda vya huko vilifanya hivyo kwa kutufikiria. Ila bila vipimo hivyo kila kampuni ingemfunga mteja wake kwenye duka lake, na fundi wa Kibaigwa angeishia kutengeneza mageti.

Serikali yetu nayo ilijaribu. Ubungo palijengwa kiwanda cha zana za kilimo kwa msaada wa China, Mbeya pakaja Zana za Kilimo, na mwaka 1973 likaanzishwa shirika la viwanda vidogo, SIDO. Viwanda vile viwili nguvu yao kubwa ilikuwa majembe ya mkono na plau za ng'ombe. Sivilaumu, kwa maana wakulima wengi zana walizotumia ndizo hizo. Miaka ya 1980 Valmet za Ufini zikawa zinaunganishwa Kibaha. Tena vichwa.

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya mume wangu kuwa fundi. Baada ya vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni. Beringi ilikuwa kitu cha kupewa kwa kibali, na trekta la kijiji lililovunjika kipande kidogo lililala chini ya mwembe mpaka majani yakaota kwenye radieta. Yeye alikuwa Kilosa, kwenye karakana ya shamba la mkonge. Mashamba ya mkonge yalikuwa na karakana kamili, na nyingi ziliongozwa na Makalasinga, watu ambao baadhi ya babu zao waliletwa kutoka Punjab kujenga reli ya Mombasa kuanzia 1896, wakabaki kuwa mafundi wa nchi hizi zote. Mzee aliyemfundisha alikuwa na sheria moja: usitupe ekseli. Lori likifa, kila kitu kinaweza kuoza, lakini ekseli, springi na chaneli za chesesi ni mali.

Tela la kwanza alilotengeneza mume wangu hapa lilitokana na sheria hiyo. Ekseli ya Bedford, chaneli za chesesi ya lori jingine, sakafu ya bati nene, na pete ya mbele iliyofuliwa kwa nyundo juu ya ile fuawe. Ekseli ya lori ilitengenezwa kwa mzigo na mwendo ambao trekta halitaufikia kamwe, kwa hiyo tela la namna hiyo likisawazishwa vizuri huzeeka taratibu. Ripa zilikuja baadaye, mabwana shamba walipoanza kufundisha kupasua ardhi bila kuigeuza. Meno yake ni springi za lori: unakata, unapasha moto mpaka chuma kiwe chekundu, unakunja, unakizamisha kwenye oili chafu. Ukikizamisha kwenye maji kitapasuka siku ya kwanza shambani, na mteja atakuja na vipande viwili mkononi na maneno mengi mdomoni.

Lakini diski hatutengenezi. Wapo wanaojaribu kwa kukata bati nene na kulikunja. Linang'aa, linapendeza, na mwezi wa pili limejikunja kama chapati. Diski ya kweli ni chuma cha aina yake kilichopikwa kiwandani kwa joto la kupimwa. Tunanunua zilizoagizwa nje, fremu na shingo ndizo zetu. Mwuzaji asiyesema wazi kipi chake na kipi cha dukani hafai kuuza.

Kilichotuinua hasa ni mahindi. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa na Kibaigwa ikawa soko, Soko la Kimataifa kama wanavyoliita, malori yakaanza kuja kuchukua mahindi ya Kiteto, ya Gairo, ya Mpwapwa. Mkulima wa Kiteto mwenye magunia mia tatu hawezi kupiga kwa fimbo. Akawa anataka mashine inayofuata shamba, inayozungushwa na trekta lenyewe kupitia ile shafti ya nyuma, mizunguko 540 kwa dakika. Ndani ni bomba nene lenye meno ya nondo yaliyochomelewa kwa mzunguko wa parafujo, chini yake chekeche, pembeni feni. Mwezi wa sita na wa saba mwenye mashine hiyo haonekani nyumbani; anahama kijiji hadi kijiji na analipwa kwa gunia.

Hapa nina ubishi ambao sijauacha. Shafti ile inatakiwa kifuniko. Kijana wa kijiji cha jirani alishikwa koti nayo, na sitaki kusimulia zaidi. Wanawake ndio wanaolisha mashine, wamejifunga kanga, na kanga haingoji mizunguko mingi. Wateja wengi husema, "Mama, toa hicho kifuniko unipunguzie bei." Huwa nawaambia bei ni ile ile kikiwepo au kisipokuwepo. Wengine wanakwenda kwa jirani. Na waende.

Mwaka 2009 ikaja kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, na baada yake mkopo wa dola milioni 40 kutoka India, matrekta yakauzwa kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa. Tuliyaona yakipita barabarani juu ya malori. Baadhi yalikuja na jembe, lakini tela lilikuwa la kujitafutia, na mkulima mwenye trekta bila tela ana kazi ya majuma machache kwa mwaka. Miezi mingine trekta linakula marejesho ya mkopo limesimama. Ni tela linalobeba mawe, mchanga, maji, mahindi na wakati mwingine bibi harusi. Miaka ile uani palikuwa hapalaliki.

Kuuza kwenyewe ni maneno. Mteja anakuja, anazunguka tela mara mbili, anapiga teke tairi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Hili jembe lako na lile la dukani Dodoma, tofauti nini?"

"Lile lina rangi nzuri."

Anacheka, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Siku hizi sipaki rangi mpaka mteja alipe, kwa sababu rangi huficha mshono mbaya, na namtaka auone mshono ukiwa mtupu, aupige kwa nyundo akitaka. Akishanunua achague mwenyewe. Wenye Massey wanataka nyekundu, wenye Ford na New Holland wanataka buluu, na yupo mmoja wa Gairo aliyetaka kijani na njano za Simba na Yanga pamoja, nikamwambia kijani na njano zote ni za Yanga, Simba ni nyekundu na nyeupe. Akasema basi weka zote nne. Tukaweka.

Juzi kaja mkulima wa Kiteto na simu. Ndani ana picha ya mashine ya kupandia ya Brazili, inapasua, inaweka mbegu na mbolea kwa pamoja kwenye shamba lisilolimwa. Bei ya kuiagiza ingemaliza shamba lenyewe. Mwanangu aliikuza picha kwa vidole, akaitazama muda mrefu, akauliza kama huyo mzee anaweza kupata nyingine iliyopigwa kutokea chini.