Mwaka wa Wastani ni Upi?

Nimepotea kidogo, kazi zimenibana. Leo nawaletea historia, lakini msikimbie, kompyuta imo.

Siku moja niliandika kiprogramu cha kuchora mvua ya miaka mingi ya Isiolo, nikajivunia mstari wangu mwekundu wa wastani. Mjomba wangu, ambaye ni mfugaji, aliutazama kisha akaniuliza: "Mpwa wangu, huo mwaka wa wastani ulikuwa upi? Mimi sijauona." Nikarudi kwenye data. Kweli, haukuwepo.

Kosa langu ni la zamani. Mwaka 1916 Mmarekani Frederic Clements alieleza kuwa mimea hukua kwa hatua hadi ifike hali tulivu. Wataalamu wa malisho wakachukua wazo hilo, wakakadiria idadi ya mifugo ambayo ardhi inaweza kulisha. Nyasi zikiisha, lawama ni kwa mfugaji, na dawa ni kupunguza ng'ombe. Hapa kwetu serikali ya kikoloni ililazimisha Wakamba kuuza mifugo yao, hadi mwaka 1938 wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Kumbe hesabu mbaya inaweza kumaliza boma la mtu!

Mwaka 1988 James Ellis na David Swift waliandika kuhusu Turkana. Walionyesha kuwa ukame hupunguza mifugo kabla haijafikia kiasi cha kumaliza malisho. Kwa hiyo kinachotawala ni mvua kubadilika.

Tunapimaje kubadilika huko? Chukua mkengeuko sanifu, ugawanye kwa wastani. Mfano wangu mwenyewe: kijiji A kilipata milimita 280, 300 na 320; kijiji B 100, 300 na 500. Wastani ni 300 kote. Lakini A ni asilimia 7 hivi, B ni asilimia 67. Watafiti wengi hutumia asilimia 33 kama mpaka: ukiuvuka, usitegemee hali tulivu.

Kisha zikaja setilaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu 1981 setilaiti za NOAA zimetupa kumbukumbu ndefu ya ukijani wa dunia, yaani NDVI. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi. Toa mwekundu kwenye infraredi, gawanya kwa jumla yao, basi. Halafu linganisha msimu huu na misimu ile ile ya miaka iliyopita: toa wastani wake, gawanya kwa mkengeuko wake. Hapo Marsabit inapimwa kwa Marsabit, si kwa Kericho.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobeba bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit Januari 2010. Baada ya ukame mkali, Oktoba 2011 wafugaji wakalipwa kwa mara ya kwanza.

Je, tumemaliza? Hapana. Setilaiti huona kijani, haijui kinacholika. Waulizeni watu wa Baringo kuhusu mathenge: mti uko kijani mwaka mzima, nao mbuzi wanang'oka meno.

Nami nilifuta ule mstari mwekundu. Siku hizi nachora kila mwaka peke yake, kisha nampelekea mjomba aukague kabla sijamwonyesha mtu mwingine.

Haya, tuonane wiki ijayo.