Positroni na asidi: kipimo kinachodanganywa na ukuta

Mwaka 1951, katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, Martin Deutsch alikuwa akipima muda ambao positroni huishi ndani ya gesi. Positroni ni pacha wa elektroni, ila chaji yake ni chanya. Paul Dirac wa Uingereza aliitabiri mwaka 1931 kwa hesabu tupu, na Carl Anderson akaiona huko California mwaka uliofuata. Inapokutana na elektroni, zote mbili huangamia na kuacha miale ya gama.

Deutsch, mzaliwa wa Vienna ambaye familia yake ilihamia Marekani katika miaka ya 1930, alithibitisha kuwa baadhi ya positroni hushikana kwanza na elektroni, zikazungukana mithili ya atomu ndogo. Atomu hiyo huitwa positroniamu. Aina yake moja huishi nanosekunde 0.125 tu. Nyingine, iitwayo otho, hufikia nanosekunde 142 mahali pasipo na hewa. Nanosekunde moja ni sehemu ya bilioni ya sekunde.

Lipo jambo katika jaribio hilo ambalo halitajwi sana. Deutsch alipochanganya kiasi kidogo cha gesi ya naitriki oksaidi, positroniamu iliyopaswa kuishi muda mrefu iliangamia upesi. Tangu mwanzo, basi, ilikuwa wazi kwamba umri wake unategemea pia tabia ya kemikali ya majirani zake.

Umri wageuzwa kuwa kipimo

Positroniamu ikinaswa ndani ya kitundu cha kitu kigumu, hugonga kuta mara kwa mara, na positroni yake hatimaye huangamia pamoja na elektroni ya ukutani. Kitundu kikiwa kidogo, migongano huwa mingi na umri huwa mfupi. Tao mwaka 1972, kisha Eldrup na wenzake mwaka 1981, waliweka uhusiano huo katika fomula. Tangu hapo mtafiti aliweza kuweka sodiamu-22 katikati ya sampuli, kuhesabu muda kati ya mwale wa gama unaotangaza kuzaliwa kwa positroni na ule wa kifo chake, na kupata upana wa vitundu, hata vile vilivyozibwa ambavyo gesi haiwezi kuvifikia.

Zeolaiti zilikuwa mahali pa kuvutia pa kutumia kipimo hicho. Jina lao, lenye maana ya jiwe linalochemka, lilitolewa na Axel Cronstedt wa Sweden mwaka 1756, alipopasha moto jiwe likatoa mvuke. Katika miaka ya 1960 viwanda vya kusafisha mafuta vilianza kuzitumia kama vichocheo vya kuvunja mafuta mazito yawe petroli, kwa kazi ya Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya Mobil. Katika zeolaiti iitwayo ZSM-5, vitundu vina upana wa takriban nanomita 0.55.

Lakini nguvu ya zeolaiti hizo imo katika asidi yake. Pale atomu ya aluminiamu inapokaa mahali pa silikoni, kiunzi hubaki na chaji hasi, na protoni huja kuisawazisha. Protoni hiyo ndiyo inayovunja mafuta, na ndiyo inayovuruga kipimo.

Uvurugaji huo una njia mbili. Kwanza, maeneo ya asidi huzuia positroni na elektroni zisishikane, hivyo positroniamu huwa chache. Pili, hata iliyokwisha kuundwa yaweza kunyang'anywa elektroni yake. Positroni hubaki peke yake na kuangamia mapema. Fomula haijui lolote kuhusu asidi. Ikiona umri mfupi hutangaza kitundu chembamba, na mhandisi asiye mwangalifu huenda akadhani kichocheo chake kimeziba, kumbe kiko wazi kabisa.

Dawa yake ni ulinganisho. Zeolaiti ileile hupimwa ikiwa na sodiamu, kisha ikiwa na protoni. Kiunzi ni kimoja, kwa hiyo tofauti kubwa ya umri haiwezi kubebeshwa ukubwa wa vitundu peke yake. Sampuli pia hukaushwa, kwani maji yakijaza vitundu nayo hufupisha umri. Hapo pana mtego: joto likizidi mno, protoni huondoka pamoja na oksijeni kama maji, na asidi ya aina nyingine, yenye njaa ya elektroni, hubaki ukutani.

Wapo waliogeuza kero hiyo kuwa chombo. Ikiwa upana wa vitundu umekwisha kujulikana kwa miale ya eksirei, basi upungufu wa umri na idadi ya positroniamu huweza kueleza habari za asidi yenyewe, hasa ile iliyojificha ndani ambako molekuli kubwa za majaribio hazipenyi.