Gilbeti Moja Ina Ampea Ngapi?

Katika karne ya 16 ilikuwapo imani miongoni mwa mabaharia wa Ulaya kwamba kitunguu saumu huua nguvu ya sumaku, hivyo mshika usukani aliyekula saumu angeweza kuiharibu dira ya chombo. William Gilbert, tabibu kutoka Colchester aliyekuja kumtibu Malkia Elizabeth I wa Uingereza, aliikataa imani hiyo. Kitabu chake cha Kilatini, *De Magnete*, kilichotoka London mwaka 1600, kimejaa mambo aliyoyajaribu kwa mikono yake. Alichonga jiwe la sumaku likawa tufe dogo, akapitisha sindano juu yake na kuona inainama vilevile kama sindano ya dira inavyoinama mabaharia wanaposafiri kuelekea kaskazini. Akahitimisha kwamba Dunia yenyewe ni sumaku.

Alifariki mwaka 1603 bila kuwahi kuona mkondo wa umeme ukipita kwenye waya. Ilibidi kusubiri hadi 1820, Hans Christian Ørsted alipoona huko Copenhagen kwamba waya wenye mkondo huisogeza sindano ya dira. Lakini jina la Gilbert ndilo lililokuja kupewa kipimo cha msukumo wa sumaku, gilbeti. Msukumo huo ni ile nguvu inayotoka kwenye koili ya waya na kuupitisha usumaku ndani ya chuma, kama volti inavyosukuma mkondo ndani ya waya.

Mafundi walikuwa na njia yao ya kuupima msukumo huo. William Sturgeon, mwaka 1825, alizungushia waya wa shaba mara 18 kwenye kipande cha chuma kilichokunjwa kama kiatu cha farasi, na sumaku yake ya gramu 200 hivi ikainua kilo 4. Kule Marekani, Joseph Henry aliufunika waya kwa kitambaa ili mizunguko iweze kulaliana bila umeme kuruka. Kufikia 1831 sumaku aliyokitengenezea chuo cha Yale iliinua zaidi ya ratili 2,000. Somo lilikuwa wazi: hesabu mizunguko, zidisha kwa mkondo. Koili ya mizunguko 500 yenye mkondo wa ampea 2 ina ampea-mizunguko 1,000.

Vitabu vya zamani vitasema koili hiyohiyo ina gilbeti 1,257.

Tofauti hiyo ina mizizi miwili. Wa kwanza ni kumi. Wanasayansi wa karne ya 19 walijenga vipimo vyao juu ya sentimita, gramu na sekunde, lakini vipimo vya umeme vilivyotokana navyo havikuwafaa watu wa telegrafu. Volti ilikuwa ndogo mno, omu ndogo zaidi. Basi volti ya kazini ikafanywa kubwa mara milioni 100, ikawa karibu na nguvu ya betri ya Daniell waliyoizoea, na omu ikafanywa kubwa mara milioni 1,000. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili, ampea inabaki sehemu moja ya kumi ya kipimo cha asili, kile kilichokuja kuitwa abampea. Kumi hiyo haikuchaguliwa na mtu. Ilizaliwa na maamuzi mawili yaliyohusu mambo mengine. Mkutano wa Paris wa 1881 ukaipa baraka.

Mzizi wa pili ni 4π, na huu ndio uliozua ubishi mkali. Mfumo wa zamani ulianzia kwenye ncha moja ya sumaku ikitawanya athari yake pande zote, na uso wa tufe lenye nusukipenyo cha 1 una eneo la 4π. Hesabu ya ncha ikawa safi, lakini 4π ikahamia kwenye koili, mahali ambapo mtu haoni tufe lolote. Mwanafunzi akalazimika kukariri: gilbeti ni 0.4π mara mizunguko mara ampea, au 1.257. Kwa kurudi nyuma, gilbeti moja ni ampea-mizunguko 0.7958. Abampea ikizunguka mara moja hutoa gilbeti 12.57.

Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeanzia kazi kwenye telegrafu na kujisomesha mwenyewe, aliiona 4π hiyo kama upele uliotokea mwilini mahali pasipostahili, akadai irudishwe kwenye matufe. Alikuwa na haki. Kikwazo kilikuwa vipimo vilivyokwisha kuenea viwandani. Mwaka 1901 mhandisi wa Kiitaliano, Giovanni Giorgi, akapata njia: tumia mita, kilogramu na sekunde, ongeza kipimo cha nne cha umeme, kisha ile 4π iweke ndani ya kigezo cha usumaku wa ombwe. Volti na ampea za mafundi zikabaki zilivyo.

Mwaka 1930 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ikaipitisha rasmi gilbeti. Mwaka 1935 tume hiyohiyo ikaupitisha mfumo wa Giorgi, ambao hauna haja nayo. Ni vigumu kupata kipimo kingine kilichobatizwa na kuandaliwa sanda haraka namna hiyo.

Hata hivyo haikutoweka kabisa. Gilbeti moja kwa kila sentimita ndiyo ostedi, na ostedi ingali kwenye karatasi za watengeneza sumaku. Sumaku ya neodimiamu yenye alama N42 imepewa namba hiyo kwa sababu nishati yake ni takriban gausi-ostedi milioni 42, kwa kipimo cha zamani cha nishati ya sumaku. Anayetaka jibu la kisasa huzidisha kwa 7.958, akapata kilojuli 334 kwa mita ya ujazo. Hiyo 7.958 ni tarakimu zilezile za gilbeti, nukta tu ndiyo iliyosogea.