Utani na Ugomvi Katika Bara ya Lindi

Katika nchi ya Wamwera, bara ya mji wa Lindi, ugomvi na udugu vilikutana mahali pamoja katika utani, yaani uhusiano unaowaruhusu watu wa makabila mawili, au mabinamu, au babu na mjukuu wake, kutukanana, kuchukuliana vitu na kuambiana ukweli mchungu bila yeyote kuwa na haki ya kukasirika.

Utani wa makabila huelezwa mara nyingi kuwa ulizaliwa na vita na misafara. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, huko Usambara, aliuchunguza na kuchapisha makala juu yake mwaka 1944. Kusini vita hivyo viliacha makovu: Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliivamia misheni ya Masasi mwaka 1882 na kuwateka watu, wakati misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikiteremka kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kilwa na Lindi, na kuwakutanisha Wayao, Wamakua, Wangindo na wengine ambao hawakuchaguana. Watu kama hao walihitaji njia ya kuutamka uadui wa jana pasipo kuurudia.

Kiini cha utani, hata hivyo, si kicheko bali wajibu, na wajibu huo huonekana wazi zaidi msibani. Mtani ndiye anayeigiza mwendo na sauti ya marehemu mbele ya waliofiwa, anayeshuka kaburini na kulala humo, akikataa kutoka mpaka apewe chochote, na ndiye huyo huyo anayetarajiwa kubeba kazi nzito za mazishi ambazo ndugu, kwa uchungu wao, hawaziwezi. Hapo pia bahili husemwa hadharani, na ugomvi wa ndani ya ukoo, ambao hakuna jamaa angethubutu kuutaja, hutajwa na mtani. Anayekasirika huonekana kuwa ndiye aliyekosa.

Faida ya utani ilidhihirika wakati wa ukoloni katika mashamba ya mkonge, ambako mfanyakazi aliyefia mbali na kwao aliweza kuzikwa na mtani wake kwa heshima inayostahili. Leo mashabiki wa timu za soka za Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na kejeli zao ni kali kweli, lakini shabiki hadaiwi kumchimbia kaburi shabiki wa upande wa pili.